Beji Zangu na Ukurasa wa Espérance

Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mvua imekatika saa tano, matope bado yako kwenye buti zangu, na nina wivu.

Niseme wazi, maana hapa hakuna anayenijua: namwonea wivu Espérance.

Ni jirani yangu. Alirudi nyumbani kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, kama mimi nilivyorudi kutoka Tanzania, na anauza vitenge pamoja na mama yake. Tulianza kujifunza kuandika programu siku moja, kwa bando la simu yangu. Tovuti ya kwanza ilikuwa ya video, ikamaliza bando kabla ya wiki kwisha. Tukaachana hapo. Mimi nikachagua ile ya rangirangi: unajaza neno kwenye pengo, unapigiwa makofi na kupewa beji, na kamoto kadogo kanahesabu siku ambazo hujakosa. Yeye akachagua ile kavu, inayokupa swali na ukurasa mtupu, kisha mtu usiyemjua anakurudishia kazi ikiwa na makosa yote yameandikwa. Kazi yake moja ilirudishwa mara saba. Nilimcheka. Nikamshauri ahamie kwenye tovuti yangu, asipoteze muda.

Leo baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, majembe yakiwa bado mkononi, kiongozi wa mudugudu, kijiji chetu, alisema ushirika wa wakulima wa viazi huko Kanama unatafuta mtu wa kuwatengenezea ukurasa wa kupokea oda. Kazi ya mkataba. Akaniita mimi kwanza. Angeachaje, wakati kila tukikutana namtangazia siku za kamoto kangu? Hadi jana zilikuwa zimefika mia mbili na kumi na mbili.

Akaomba nionyeshe kitu nilichotengeneza.

Nikaonyesha beji. Akazitazama moja moja kwa heshima, kisha akauliza tena, taratibu, kama kuna kitu nilichotengeneza. Sikuwa nacho. Debe tupu haliachi kuvuma, na leo debe lilikuwa mimi.

Espérance akatoa simu yake. Ukurasa wa vitenge vya mama yake, kijani kibaya cha kuumiza macho. Kiongozi akabonyeza kitenge kimoja, na simu ya mama, aliyekuwa amesimama palepale, ikalia mfukoni. Oda imefika. Watu wakacheka kwa furaha, na kazi akapewa yeye.

Nilipiga makofi na wengine. Roho ilikuwa inaniuma.

Ukweli ni huu: siku nyingi kati ya zile nilirudia somo la kwanza, kwa sababu ni la dakika mbili na kamoto hakazimiki. Nililifanya hata kwenye foleni ya mpakani. Na nilipomshauri ahamie kwangu, nilikuwa nimeshaona kwamba anaweza vitu nisivyoviweza.

Tukiosha majembe akanisogelea. "Bon, Neema, hii kazi iko mingi. Kuya tuifanye wote wawili."

Nikasema nitafikiri. Angenicheka, ningemchukia kwa raha zangu.

Tangu saa nane simu inanikumbusha kuwa sijafanya somo la leo. Nimeilaza kifudifudi. Kabla ya kuilaza nilimwandikia Espérance kwamba nitakuja kesho baada ya ibada, na kwamba sijui kuanza kwenye ukurasa mtupu. Hiyo sentensi ya pili niliifuta mara tatu kabla ya kuituma.

Wivu bado ninao. Kamoto kazimike tu. Kesho nitahesabu moja.