Laptopu ya Baba na Kiti cha Utingo

Jumatano, 2 Oktoba

Imezima tena. Safari hii kwenye kona, lori la kwenye gemu limejaa mbao, Baba ndiyo kwanza anateremka mlima. Skrini ikaganda, kisha giza. Na nilikuwa nimeiinua laptopu juu ya vigae viwili, feni ya mezani nyuma yake, dirisha wazi. Joto la Oktoba halina adabu.

Baba aliunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaulaza mapajani. Akatazama ukuta.

Gemu ni yangu. Nilikuwa nacheza mwenyewe nikitoka dukani, yeye amekaa tu tangu kiharusi kimpate. Siku moja nikaingia kona vibaya, akaguna. Mtu aliyeendesha lori la tumbaku kutoka Usoke nusu ya maisha yake hakuweza kuvumilia. Akadai pedi ya kuchezea. Gesi inabonyezwa kwa kidole cha shahada cha kulia. Kidole kilekile ambacho mtaalamu wa mazoezi wa hospitali amekibembeleza weee. Alimpa na mpira wa kuminya, Baba akautupa uani, kuku wakatawanyika. Kwenye pedi kidole kilisogea. Nilikwenda kulia jikoni.

Mtaalamu alisema wazi: mkono usipofanya kazi utajikunja na utabaki hivyo. Naogopa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimefunga duka la fotokopi mapema, nikaenda kwa fundi Idrisa nyuma ya soko. Akaifungua laptopu. Vumbi la kutosha kupanda mchicha. Anaweza kuongeza ramu na kubadili diski, itawaka haraka zaidi. Lakini kadi ya grafiki haina, na haiongezeki. Lori litaendelea kukwama.

Anazo mbili zilizotumika. Ya kwanza nyembamba, rangi ya fedha, herufi zinawaka bluu, unaibeba kama kitabu. Nayo haina kadi yake ya grafiki, ila ni mpya kidogo, na ukipunguza ubora wa picha gemu itatembea. Ya pili ni nene, nzito, kifuniko kimechubuka, skrini kubwa, chaja yake tofali. Ina kadi yake. Ikiwashwa feni zinavuma hadi jirani anajua.

Naitaka nyembamba. Baba angecheza, nami ningekwenda nayo dukani. Nimezitamani herufi zinazowaka tangu nikiwa chuo. Nimesema nitafikiria.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku mbaya.

Mzee Pazi amekuja. Ni mtani wa Baba, Mzaramo, alikuja Tabora ujanani kutengeneza malori na hakurudi kwao. Alikuwa safarini, hakuwa amemwona Baba tangu augue. Wageni wote huingia kwa sauti ya chini, pole, pole sana. Yeye alianzia mlangoni. Babu zenu Wanyamwezi walibeba mizigo yetu kichwani hadi pwani, na wewe kijiko kinakushinda? Akauinua mkono wa Baba, akauachia, ukaanguka. Akacheka. Akauliza kama mkono huu unauzwa kwa kilo.

Damu ilinipanda. Nilisimama mbele yake.

"Mzee Pazi, naomba utoke. Baba ni mgonjwa, si kichekesho."

Alivaa kofia yake, akatoka bila neno. Sijawahi kumwona Mzee Pazi anatoka mahali bila neno.

Baba amekataa chakula cha jioni. Nadhani ni uchungu wa kuchekwa. Sijutii.

Jumapili, 6 Oktoba

Shangazi Mwamvua amekuja kunisema. Habari imemfikia, mji huu habari hailali njaa. Mtani hafukuzwi. Hata msibani mtani anaingia, anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyotembea, na wafiwa wanacheka na kumlipa. Nikasema Baba hajafa. Shangazi akajifunga khanga upya.

"Ndiyo maana alikuja kumtania. Nyie mlishaanza kumlilia."

Nimekasirika mpaka sasa. Baba hajagusa pedi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Hajagusa bado. Nilijiambia ni mashine tu, mtu gani atafurahia lori linalokwama? Nikamwomba Idrisa aniazime ile nene kwa siku moja. Nikaweka gemu, nikaweka pedi. Ikatembea kama maji. Mvua kwenye kioo inaonekana tone kwa tone, kona inageuka bila kusita. Nikamwita Baba.

Alitazama kidogo. Akasema picha ni nzuri. Akaenda kulala, saa kumi jioni.

Leo wakati wa kumnawisha ilibidi nivikunjue vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa vigumu. Wiki iliyopita havikuwa hivi. Kumbe hakununa kwa kuchekwa. Rafiki yake wa pekee aliyemfanya mtu mzima, mwenye nguvu ya kutukanwa, nimemtoa nje mimi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda Itetemia kwa Mzee Pazi. Nilimkuta anapukuchua mahindi barazani. Shikamoo. Marahaba. Hakunikaribisha kukaa. Nikakaa chini mwenyewe, nikaomba radhi kwa kirefu, na machozi yakanitoka kinyume na mpango wangu.

Aliendelea kupukuchua. Kisha akasema utani una faini yake, na faini huchaguliwa na aliyekosewa. Nikajiandaa kwa jogoo. Nikaogopa hata mbuzi.

"Nasikia mnanunua kompyuta ya kuendeshea malori. Basi nitaichagua mimi."

Sikuelewa. Mzee Pazi simu yake yenyewe ni ya kitochi. Lakini faini haibishaniwi. Nimekubali, na usiku huu nasonya peke yangu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Aibu ya mwaka. Mzee Pazi kavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumatatu, kaingia kwa Idrisa kama mkaguzi. Nilijitahidi kumsifia ile nyembamba. Nyepesi, haipigi kelele, inakaa na chaji muda mrefu. Idrisa akaieleza kadi ya grafiki polepole. Mzee Pazi akaitikia kwa kichwa na sidhani alisikia chochote.

Akavuta viti viwili. Akaketi kimoja, akaniketisha kingine, nyembamba mbele yetu. Akafinya macho. Hakuona kitu, alikuwa anaitazama kwa ubavu. Akaagiza ile nene iwekwe. Skrini kubwa. Akaegemea nyuma, akaona barabara yote.

"Hii. Utingo naye lazima aone njia."

Hapo ndipo nilipoelewa anakusudia kuketi wapi. Mimi nilichagua mashine ya mgonjwa mmoja. Sikuwaza kwamba lori halitembei na dereva peke yake. Nimelipia ile nene. Nimeziangalia zile herufi za bluu mara ya mwisho na roho imeniuma, siwezi kudanganya.

Jumatano, 16 Oktoba

Amekuja baada ya alasiri. Hakubisha hodi ya kistaarabu. Akaweka stuli kushoto kwa Baba, akakaa. Baba alitazama ukuta. Nilitaka kukimbilia jikoni, nikabaki mlangoni.

Mzee Pazi akaanza. Mnyamwezi ametegesha, anajifanya mgonjwa asibebe mzigo. Baba hakugeuka. Mnyamwezi sasa anabebwa, dunia imegeuka. Macho palepale ukutani. Basi Mzee Pazi akachukua pedi, akaondoka na lori mwenyewe. Hajui breki iko wapi. Akagonga kibao, akapanda ukingo, akaingia mtaroni. Akarudi barabarani, upande usio wake. Feni zikavuma. Lori la mbele likapiga honi.

Baba alianza kupumua kwa nguvu. Mdomo ukatafuta maneno, nami nilijua yatatoka yamepinda.

"Mzaramo. Umeishika kama ngoma. Lete hapa."

Akaipokonya. Kwa mkono wa kulia. Sijui kama yeye mwenyewe alijua ni upi. Kidole kikaenda kwenye gesi, kikateleza, kikarudi. Lori likatoka mtaroni polepole, linayumba. Mzee Pazi akapiga ukelele kwamba watakufa wote. Baba akamtukana mambo ambayo siandiki hapa. Hiyo ndiyo sentensi ndefu zaidi aliyoisema tangu augue.

Walicheza hadi adhana ya magharibi.

Jumatano, 23 Oktoba

Anakuja kila siku. Chai ya nyumba hii inaisha kwa kasi ya ajabu. Baba alimaliza safari ya kwanza bila kugonga, akadai utingo alimlaza njaa. Mtaalamu wa mazoezi amemshika vidole leo, akavipinda na kuvinyoosha, akauliza tunatumia mazoezi gani. Nikasema ni malori. Akadhani namtania.

Jumapili, 27 Oktoba

Mzee Pazi amesafiri, ana msiba kwao Kisarawe. Nilihofia leo. Baba alikaa mbele ya laptopu, hakuwasha.

Baadaye akaniambia nimpigie. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikailaza simu kwenye stuli. Mzee Pazi akauliza nani anamsumbua msibani, ni yule mpagazi? Baba akawasha injini. Akamwelezea njia mwanzo hadi mwisho, daraja, kona, ng'ombe waliovuka, na yule mwingine akamsimanga kila alipopunguza mwendo.

Kidole cha kulia kilikuwa kwenye gesi. Sikusema pole, wala hongera. Nilikwenda kuchambua mchele.