Baba Rehema, Binti Yako Anaingia Nyambizini

Mpendwa Baba Rehema,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu hapa Tumba, Uswidi. Binti yako ameitwa jeshini. Nilidhani watamweka ofisini, kumbe kachaguliwa kwenye nyambizi, na mwenyewe anafurahi kama bibi harusi. Kesho asubuhi anaondoka.

Nakulaumu, tusifichane. Ulikuwa ukirudi na treni kutoka kiwandani Södertälje, hata viatu hujavua, mtoto keshakurukia: "Baba, nahodha!" Basi unampakata, unamsimulia tena yule nahodha wa Kijerumani wa vita vya Hitla. Alivyoanza ubaharia kwa kusugua sitaha. Alivyokabidhiwa nyambizi yake angali kijana, akawa anajipenyeza gizani katikati ya misafara ya meli za Waingereza, anazizamisha, anapotea. Alivyorudi bandarini akapigiwa matarumbeta na kuvishwa nishani shingoni. Hapo unakoma. "Haya, kalale." Nikikuuliza mbona humalizi, unaninong'oneza, "Mama Rehema, mtoto halazwi na msiba."

Mwisho wake ulinisimulia mimi tu, tukiosha vyombo. Kwamba mabaharia aliowazamisha nao walikuwa watoto wa watu. Kwamba safari ya mwisho alitoka na vijana wake, redio ikanyamaza, na mama zao hawakupata hata kaburi la kulilia. Siku hizi nawawaza hao mama tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Naogopa, mume wangu. Wakianza kutangaza habari za Bahari ya Baltiki nazima redio. Nikifumba macho naona maji yanapita juu ya kichwa cha mwanangu, na huko chini simu haishiki.

Jana nikamwambia yote. Nilitaka aogope kama mimi. Yeye akaendelea kukunja soksi.

"Jag vet, mamma," akanijibu kwa Kiswidi chake. Najua, mama. Kumbe mwisho huo alishausoma mwenyewe, zamani, ungali hai. "Baba alikuwa anapenda sana pale kwenye matarumbeta. Ndiyo maana sikumwambia."

Sisi tunamficha mtoto, naye anakuficha wewe.

Kisha akapiga magoti kuomba radhi, kama ulivyomzoesha kabla ya kila safari, hata ile ya kupiga kambi na wenzake wa shule, tukacheka. Jana sikucheka. Nikimpa, ndiyo nimemwachia aende. Nikimnyima, anashuka baharini bila radhi za mzazi, na hilo linanitisha kuliko maji yenyewe. Alinisubiri, wala hakunihimiza.

Nikamwekea mkono kichwani. "Radhi zangu unazo, mwanangu. Nenda salama, urudi salama."

Hakuinuka.

"Na za baba?"

Mtoto alikuwa anatetemeka, Baba Rehema. Furaha yote ile, kumbe naye anaogopa. Nikamwambia na zako anazo, kwamba uliniachia mimi nimpe. Hukuniachia neno lolote, wewe unajua. Nimekusemea. Kama hukuridhia, yeye usimguse. Njoo unigombeze mimi.

Mola akulaze pema.

Mkeo,
Mama Rehema