Sharti la Baibui Jipya

Jumamosi

Itangazwe kwa heshima zote: leo pikipiki yangu kuukuu ya safari ndefu, yenye kava kubwa la mbele na kioo chake, imetoka Tanga kwenda harusini Bweni, na mke wangu amefika bila kuguswa na tone la mvua.

Alikuwa ameweka sharti. Baibui lake jipya likilowa, pikipiki inauzwa. Nami nikaapa kwamba kava lile huigawa mvua kushoto na kulia.

Na huigawa kweli! Pale Tongoni tuliyapasua manyunyu, kifua changu kikavu, naye kajibanza mgongoni kwangu. Nikaanza kujisifu. Nilisahau kwamba kava hufanya kazi tukiwa mwendoni tu, na kwamba Pangani kuna kivuko, na kivuko husubiriwa.

Tuliposimama foleni, mvua ikashuka wima.

Bodaboda mmoja, katulia chini ya mwavuli aliouchomeka kwenye pikipiki yake, akaniangalia kwa huruma. "Shikamoo mzee. Hilo dirisha lako mbona halina paa?" Kisha, "Mama, hamia huku."

Akahamia. Ningepata nafasi ningehamia pia.

Ukweli basi ndio huo: alifika kwa bodaboda. Mimi nilifuata nyuma, viatu vimejaa maji, nikijiuliza nani atainunua.

Mlangoni alinikagua, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Sharti lilikuwa nifike mkavu, Baba Rukia. Sikusema kwa pikipiki ya nani."