Kitufe cha Sajili Kimegoma

Jumatatu, 8 Septemba
Chai ya pili, kitufe bado kijivu. Si hapa kwangu Malindi. Hapa chabonyezeka vizuri. Ni kule Magarini, kwenye zahanati walikonipa kazi ya kuwaandikia programu. Sista Zainabu kapiga simu kabla sijanawa uso: akijaza jina la mgonjwa, kitufe cha "Sajili" kinazimika. Si kwa wote. Kwa baadhi. Hiyo "baadhi" ndiyo itakayoniua.

Jumanne, 9 Septemba
Nimesoma msimbo wote, mstari kwa mstari. Nimejaribu majina kumi na tano ya kubuni. Yote yamepita. Nikajisifu, simu ikalia. Sita wamekwama leo. Nina hasira na Sista, na kompyuta, na aliyenifundisha kazi hii, ambaye ni mimi.

Jumatano, 10 Septemba
Hata shikamoo yangu Sista hakuiitikia. Kasema kitufe kikigoma hadi Ijumaa, basi, wanarudi kwenye daftari. "Daftari langu, mwanangu, halijawahi kunikatalia mtu." Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza kwa watu wasio jamaa zangu. Nikiipoteza, nani tena atanipa nyingine?

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekwenda mwenyewe. Nikaketi nyuma ya Sista, nikitazama. Akaingia mama, mtoto wa homa mgongoni. Jina? Kazungu Charo. Kitufe kijivu.

Mama akasema polepole: "Labda hiyo kompyuta yamjua babu yake. Juzi alikuja kutibiwa mguu. Naye ni Kazungu Charo."

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akauliza, "Kwani huyu fundi ni wa wapi?"

Wa hapa hapa, mzee. Mgiriama, na kwetu mjukuu hupewa jina la babu; hata mimi nimepewa la babu yangu lote. Na ni mimi niliyeandika kwamba jina likijirudia kitufe kizimwe, ili mtu asisajiliwe mara mbili. Majina yangu ya kubuni hayakuwa na babu. Kibaya zaidi, nilikizima bila kueleza sababu. Kinakukodolea macho tu.

Mtoto kaandikwa daftarini. Aibu.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimefuta ule mstari wa kukizima, enabled = false. Kitufe hakizimwi tena. Jina likijirudia, skrini inauliza: "Yuko mwingine mwenye jina hili. Ni yeye, au ni wajina wake?" Chini yake, mwaka aliozaliwa yule wa kwanza. Nimewatumia programu mpya saa tano. Kimya. Saa nane, kimya. Saa kumi nikampigia Sista. Hakushika.

Jumamosi, 13 Septemba
Sista kapiga asubuhi. Jana alikuwa akizalisha, simu ikiwa kabatini. Kina Kazungu Charo wote wawili wamo kwenye programu, mmoja chini ya mwenziwe. Homa ya mdogo imeshuka. Hakunishukuru. Kauliza tu kama maandishi ya skrini yaweza kukuzwa kidogo, macho yake si ya jana.

Nimeyakuza. Kisha nikafua nguo.