Kijumba Kimefika Mkokotoni

Baba Asya,

Kijumba hakikuanguka. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, usingesikiliza salamu wala habari za nyumbani mpaka kwanza uambiwe hivyo. Kimekwenda Mkokotoni juu ya pikapu, tela likifuata nyuma, na kimerudi Kiembe Samaki kizima. Haya, sasa tulia nikusalimie. Assalaamu alaykum, mume wangu. Mola akulaze pahala pema, akupanulie kaburi lako.

Eda imekwisha. Nimekaa ndani mpaka siku yake ya mwisho, na muda wote huo kitu nilichokuwa nikikitazama dirishani ni hicho kijumba chako cha mbao, jiko letu la safari za harusi, pale uani, kimesimama juu ya mapipa manne, umekifunika turubai kwa mkono wako mwenyewe. Nilikuwa nikikitazama namna mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na mwenzake halafu mwenzake akaondoka. Kabati lako la vyombo mle ndani, rafu za viungo, jiko la gesi, na kile kitanda chembamba ulichonitengenezea nijinyooshe mgongo harusi zikiwa nzito. Nilikuwa najua kila kitu kilipo na siwezi kutoka kwenda kukigusa.

Asya, mwanao, amenihurumia mpaka akanikera. Anataka nihamie kwake nikae tu, nilee wajukuu, nile nilale. Alishapata na mnunuzi, bwana mmoja wa Nungwi anayetaka kulaza wageni ndani ya kijumba, na pikapu aichukue papo hapo. Nikamwambia mimi ni mpishi wa harusi, sijawa mzigo bado. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Mama, kile kijumba hakuna anojua kukifunga garini ila Baba. Siku kikianguka njiani utaua mtu."

Kweli hakuna aliyewahi kukifunga ila wewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kushoto na sufuria ndogo mapajani, nikilalamika kuwa tunachelewa.

Basi tukapatana. Kulikuwa na harusi ya Mkokotoni, wale watu waliotuweka tuwapikie tangu ukiwa hai, wakanisubiri nitoke eda, Mungu awabariki. Nikamwambia Asya anipe hiyo moja. Kijumba kikienda na kurudi salama, maneno ya kuuza yaishe. Kikianguka, amwite mtu wake wa Nungwi achukue vyote, nami nitakwenda kukaa kwake bila ya kununa. Tukapeana mikono. Usiku ule nilijuta, kwa sababu kuendesha najua, lakini sijapata kuendesha na kijumba mgongoni na tela mkiani.

Unakumbuka uliponifundisha? Kule Kizimbani, siku tunazokwenda kutafuta mdalasini na iliki, kwenye zile njia za vumbi. Nikaugonga mkarafuu. Nikadhani utapiga kelele, ukashuka, ukautazama mti, ukasema, "Huu nao hauangalii njia." Mpaka leo nikishika usukani nacheka kidogo kwanza.

Siku ya safari mdogo wako Faki alivuka kutoka Tumbatu alfajiri kuja kunisaidia. Mtu mzima, magoti yanamuuma, kaja na kamba zake mwenyewe begani. Nikamrudishia gari kinyumenyume mpaka chini ya kijumba, yeye akiniongoza kwa mkono kama anaingiza chombo bandarini, tukakiteremsha kwa jeki pole pole. Kikakaa. Tela tukalipakia kama ulivyokuwa ukilipakia wewe, masufuria makubwa mbele, kuni na mafiga nyuma, maana siku moja tu ulimwacha mtu mwengine alipakie akaweka uzito wote nyuma, na lilitikisa mkia njia nzima mpaka Bububu. Tukalifunga kwenye ule mkono mrefu wa chuma uliouunga ili pembe ya kijumba isilipige kwenye kona, na ile minyororo miwili ya tela tukaipishanisha chini. Mpaka hapo nilikuwa mwanafunzi wako hasa.

Halafu ikaja kukifunga chenyewe. Nikatoa ile minyororo yako minne uliyonunua duka la vyuma pale Mchangani, na vile vyuma vya kuzungusha vya kukazia. Faki akaitazama akakunja uso. "Shemegi, chuma kinapiga kelele na kinakula mbao. Sisi tumefunga majahazi kwa kamba, na bahari inasukuma kuliko barabara." Akafunga kwa kamba zake za katani, na kabla ya kufunga akazilowesha ndooni, halafu akakaza kwa mguu. Wallahi, zilikaza. Nilizipiga kwa kidole zikalia. Na mtu kaacha kazi zake, kavuka maji kwa ajili ya mjane wa kaka yake, utamwambia nini? Nikamshukuru. Lakini minyororo yako sikuirudisha stoo. Niliitia kwenye gunia nikaisukuma chini ya kiti.

Tukatoka. Jua lilishapanda. Nilikwenda taratibu, kila tuta nasoma Ayatul Kursi. Faki ananihadithia habari za Tumbatu nami sisikii. Tulipokaribia Mahonda nikaanza kutafuta ule upande wako wa kuegesha.

Baba Asya, miaka yote ile ya Mahonda! Hatukupata kupita hapo usisimame. Unashuka, unazunguka kijumba, unakipiga piga kama mtu anayechagua fenesi, halafu unakwenda zako barazani kunywa kahawa na kashata. Mimi ndani ya gari natafuna maneno: biharusi ataolewa, atazaa, sisi bado tunakunywa kahawa. Ulikuwa ukinijibu jibu lile lile: "Acha kwanza kizoee njia." Nami nilikuwa nikijua moyoni kuwa ni kahawa tu inayokuita.

Safari hii nilisimama kwa sababu yako, si kwa sababu ya kijumba. Nilitaka tu tusipite pale kama watu wasiokujua. Faki akasema, "Shemegi, twende, kahawa tutakunywa Mkokotoni." Nikamwambia hapa lazima. Nikashuka, nikazunguka, nikafika ile pembe ya nyuma upande wa kulia. Pale rangi ya kijani imekwisha, imebaki mbao, na sikupata kujua kwa nini mpaka nilipoweka kiganja changu nikaona ni ukubwa wa kiganja chako. Ni pale ulipokuwa ukisukuma.

Nikasukuma. Kijumba kikaenda. Kikaenda na hakikurudi.

Nikashika kamba, ikawa legelege, mkono wangu mzima unapita kati yake na ubao. Jua lilikuwa limezikausha. Zile kamba zilizolia asubuhi sasa zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, na pembe ya kijumba imeshasogea kuelekea tela. Mbele yetu kulikuwa na kona za Donge. Sitaki kufikiria.

Faki aliposhuka akaona, alisimama akashika kichwa. Halafu akaanza kucheka, kicheko kile chenu cha ukoo kisicho na sauti, mabega yanatikisika. "Baharini kamba haikauki, shemegi. Miaka hamsini na ngapi hii nafunga kamba, sijapata kuiona ikikauka." Nami nikacheka kwa hofu iliyokuwa inanitoka, tukacheka pale kando ya njia kama watu wawili wasio na akili, mpaka muuza kahawa wako akaja kuuliza kuna nini. Alipojua mimi ni nani akanipa pole. Akasema anakuombea.

Nikaitoa minyororo chini ya kiti. Faki na yule muuza kahawa wakakisukuma kijumba kirudi mahala pake, mimi nikalala chini ya gari na baibui langu, vumbi mpaka puani, nikatafuta zile pete nne ulizoziunga kwenye chesi, uti wa mgongo wa gari. Ulikuwa ukisema bodi imeliwa na kutu, ukifunga kwenye bodi umefunga kwenye biskuti. Nikazipata zote. Nikakaza kama nilivyokuwa nikikuona, mpaka mnyororo unaacha kulia, halafu nusu mzunguko, basi, kwa sababu ulikuwa ukisema ukizidisha unavunja mbao, na mbao nayo inahitaji kupumua. Nikasukuma tena pale penye kiganja. Kikanijibu kwa kishindo kidogo, dum, kikatulia. Mlio huo naujua. Nimeusikia kila safari nikiwa nimenuna ndani ya gari.

Nikanywa kahawa yako. Chungu ile, sijui ulikuwa ukiipendea nini.

Tulipofika Mkokotoni nilisimamisha gari na sikushuka. Niliogopa kufungua mlango wa kijumba. Mwisho nikaufungua, na kila kitu kilikuwa mahala pake, hata ule mtungi wa gilasi wa achari ya ndimu niliousahau juu kabisa bila ya kuufungia. Hapo ndipo nilipolia. Nililia vizuri, siyo kilio cha eda. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo kichwani na shingo bado haijaamini. Halafu nikajifuta, nikafunga kanga kiunoni, nikapika biriani ya watu ikaliwa mpaka ukoko. Bibi mmoja aliyekuwa akipakua aliniuliza mume wangu yuko wapi aje apewe sahani yake. Hakuwa na habari. Nikamwambia amebaki Mahonda.

Tulirudi kesho yake, na Mahonda tukasimama tena. Asya alikuwa akinisubiri uani. Hakusema salamu, alikwenda moja kwa moja kwenye kijumba akakizunguka, akakitikisa, akachungulia chini ya gari, nami namtazama tu. Amekuwa wewe mtupu. Akatoa simu mbele yangu akampigia yule bwana wa Nungwi: "Samahani sana kaka, kijumba hakiuzwi. Mama yangu nnakwambia anakitumia." Anakitumia! Nililirudia neno hilo chumbani peke yangu.

Faki ameniomba ile minyororo aitazame vizuri. Nikamwambia kuitazama hakutoshi, avuke aje tena, tuna harusi nyengine Makunduchi, na yeye ndiye atakayenisukumia. Amekubali, ila kamba zake bado anazitetea.

Nakuahidi hivi, Baba Asya. Sitapita Mahonda bila ya kusimama, hata biharusi akizaa mapacha tunamsubiri. Nitakunywa ile kahawa hata ikinitoa machozi. Na kijumba nitakipaka rangi upya, kimechakaa, kijani kile kile ulichokuwa ukikipenda. Kote nitapaka. Pale pembeni penye kiganja chako sipaki.

Lala, mume wangu. Nshakaza.

Mkeo,
Mama Asya