Kila Kinachofanana na Anwani

Mpendwa kaka Kambale,

Shangazi analala chumbani mwako tangu jana. Nimetaka uyasikie haya kutoka kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyefungua mlango.

Unakumbuka meza yetu mtaani Kyeshero, betri ya gari chini yake, vumbi jeusi likiingia kwenye kibodi. Tulikuwa tunatengeneza mashine pepe, kompyuta ya kufikirika ndani ya simu za bei nafuu, ili wanafunzi waandike programu zao humo. Kilichotutoa jasho ni mkusanya taka, ile sehemu ya mashine inayosafisha kumbukumbu. Anaanza na vitu ambavyo programu imevishika sasa hivi, anafuata anwani, yaani namba inayoonyesha kitu kilipo kwenye kumbukumbu, moja hadi nyingine, na kila anachokifikia anakiacha. Asichokifikia anakifuta, na nafasi yake inapewa kingine.

Mimi nilitaka awe na kasi. Siku ile programu ilikuwa inachora ziwa letu, mkusanya taka wangu akafuta pwani nzima, na bado ilikuwa inatumika. Nilicheka. Wewe hukucheka hata kidogo.

"Takataka ikibakia, programu itaenda tu polepole," uliniambia. "Lakini ukitupa kitu iko inatumika, umeua."

Ukaweka kanuni yako: namba yoyote inayofanana na anwani tuichukulie kuwa ni anwani, na kilicho mwisho wake tusikiguse. Nikakuonya kwamba kumbukumbu itajaa hadi mashine ikwame. Ikajaa kweli, ikakwama. Ukasema afadhali isimame.

Kisha vita vikashuka hadi Kibati, kijijini kwa shangazi, nawe ukaenda kumtoa shangazi na watoto wake. Pikipiki ilikuwa moja. Ukawapandisha, ukasema utawafuata kwa miguu. Wao walifika.

Mama amekuwa mkusanya taka wako, kaka. Mtu akisema ameona kijana mrefu Rutshuru, hiyo ni anwani. Simu ikiita mara moja na kukatika, hiyo nayo ni anwani. Chumba chako kikabaki kimefungwa, huku watoto wale wale uliowapandisha pikipiki wakilala sebuleni, kwenye saruji baridi. Papa alitaka tufanye matanga, yaishe. Mama akamjibu, "Kambale iko muzima. Hakuna mutu ataguza ile chumba." Tangu hapo hawakuongea tena, mimi nikawa mpeleka salamu ndani ya nyumba moja.

Juzi mtoto mdogo wa shangazi alikohoa hadi akakosa pumzi. Asubuhi nikauchukua ufunguo kwenye mkoba wa mama, mbele ya macho yake. Hakunizuia. Aligeukia ukuta tu. Nikatoa nguo zako, nikazinusa moja moja, na harufu yako ilikuwa imeshatoka. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Basi nimevunja kanuni yako. Siamini tena kwamba utarudi, na nimechoka kujifanya naamini. Kuna wakati nakukasirikia kwa sababu hukujibana kwenye ile pikipiki, kisha naona aibu, maana najua ungechukua nafasi ya mtoto yupi.

Jioni shangazi aliniita nimsaidie kufunga chandarua juu ya kitanda chako. "Kasereka," aliita, na mimi nikasimama mlangoni. Unajua kwetu Wanande tunavyowaita watoto wa kiume: wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na anayekufa hanyang'anywi nafasi yake. Paluku wetu alizikwa kabla hujazaliwa, na bado wewe ukaitwa wa pili. Shangazi akaniita tena. Nikaingia, nikafunga kamba, nikatoka nje kulia.

Pumzika, kaka, popote vita vilipokuacha. Nafasi yako chumbani nimeitoa. Lakini kila mtu anayeniita mimi, anakupitia wewe kwanza.

Mdogo wako, wa tatu,
Kasereka