Funga za Bi Mkubwa

Mke mwenzangu, Bi Mkubwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo utasema nimeota mapembe tangu ulipoondoka.

Nakuandikia nikiwa Ngombezi, kambini, nyumbani kwa mwanao Zaina. Kesho asubuhi tunapanda basi kwenda Dar es Salaam. Anakwenda kupasuliwa nyongo. Ugonjwa wako ule ule, ubavu ule ule, na daktari ni yule yule. Naogopa, Bi Mkubwa. Nimelisema mapema usije ukadhani nimekaa kupiga soga.

Nyumbani Kwedizinga tumevuna mahindi mara mbili tangu tukuzike. Paka wako kahamia kwangu na ana kiburi kama chako. Huku Ngombezi shamba la mkonge limenunuliwa na tajiri, kiwanda kinanguruma tena kutwa. Mkwe wako kapata kazi kwenye mashine, na kazi ilipomkaa vizuri akaoa mke wa pili. Ndiyo hivyo, Zaina naye sasa ni bi mkubwa. Bi harusi ni kabinti kepesi, kanacheka ovyo na kanapika vizuri sana. Nilipokaona nilijikumbuka mimi, siku niliyoletwa kwako na sanduku langu la bati, ukanitazama kuanzia miguu.

Unakumbuka kile chumba cha Korogwe, hospitali ya binafsi, alipokuja yule daktari wa Dar? Alituelezea vizuri, hakuna asichosema. Siku hizi, alisema, nyongo inatolewa kwa matundu madogo na kamera, na mtu anarudi kwake upesi. Ila lazima ajue kabla hajaanza kama kazi itakuwa nyepesi au nzito. Nyongo iliyouma mara moja mbili hutoka bila ubishi. Iliyovimba ikapoa, ikavimba tena ikapoa, hugandana na ini na utumbo kama ugali uliokaukia sufuriani, na hapo matundu hayatoshi. Inabidi tumbo lipasuliwe, na damu ya kuongeza iwe imeandaliwa. Picha ilimwonyesha mawe, lakini alisema picha haisemi yote.

"Mama, maumivu yamekushika mara ngapi?"

"Mara mbili tu, baba."

"Na chale hizi za ubavuni?"

"Za utotoni hizo. Sisi Wazigua tunachanjwa tungali wachanga."

Ulisema huku unacheka, na yeye si wa huku, akaamini. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nimepakata kapu lako, nikaamini pia. Ningejuaje? Mke mwenza hamfunui mwenzake tumbo.

Kule Dar waliingia na matundu yao wakakuta kila kitu kimegandana. Wakapasua. Damu ikakataa kusimama, na iliyokuwepo ya kuongeza haikutosha. Daktari alitoka kutuambia mwenyewe, macho mekundu. Alisema, "Ningejua, nisingeanza hivi." Baba Zaina akakaa chini pale pale kwenye sakafu.

Tulipokuosha, mimi ndiye niliyekuwa upande wa kulia. Nilipofika ubavuni mkono ukakwama. Chale za juu zilikuwa zimefifia kweli. Za chini zilikuwa bado zimetuna na weusi wa dawa haujatoka. Mistari kwa mistari, Bi Mkubwa. Wenzangu waliniambia niendelee kumwaga maji, nikashindwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka funga zako.

Zamu yako, nyama umeipika mwenyewe inanukia mpaka kwa jirani, Baba Zaina anakula, wewe umefunga sunna. Zamu nyingine, wali wa nazi, umefunga, maana mafuta ndiyo yanayoiamsha nyongo. Zamu yangu ikifika unaonekana njia ya Handeni na khanga mbili, eti unakwenda kuwaona ndugu, kumbe unakwenda kuchanjwa. Nilikutania uani, "Loo, Bi Mkubwa, pepo yote unaitaka peke yako?" Ukacheka umejishika ubavu. Na siku moja tukipepeta mahindi ukaniambia, "Mimi nikilala mgonjwa, zamu yangu si utaila wewe?" Nikadhani ni utani wa wake wenza.

Nilikulilia mpaka sauti ikakauka. Na nilikukasirikia, bado nimekukasirikia. Zamu, jamani! Zamu ya mwanamume anayekoroma vile! Kama ungeniambia ningekuachia zamu zote mpaka upone, ningekuja kukuchemshia maji na kulala mlangoni kwako. Sasa zote ni zangu. Nalala na kuamka ni zamu yangu, na nyumba yako imefungwa, na sina wa kugombana naye uani.

Basi wiki iliyopita nikaja kumtembelea Zaina. Yule bi harusi akapakua pilau. Mumewe anakula, mimi nakula, Zaina amekaa ukingoni mwa mkeka anatusogezea maji.

"Nimefunga, mama mdogo," akasema.

Sikumaliza tonge. Nilimfuata jikoni nikamshika ubavu wa kulia, akaruka kama aliyeguswa na kaa la moto.

Nilimpeleka Korogwe siku daktari wako anapokuja. Akapiga picha, mawe yapo. Akamuuliza yale yale, maumivu yamekushika mara ngapi. Zaina akacheka kidogo, akasema, "Mara mbili tu, baba." Haki ya Mungu ilikuwa sauti yako.

Nikasimama nikasema, "Daktari, muulize amefunga mara ngapi."

Alinitazama kama mwehu. Nikamweleza huyu ni mtoto wa nani, na ile "mara mbili tu" ilitufikisha wapi. Zaina akaanza kulia. Akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza upya. Daktari akaweka kalamu chini. Akambonyeza chini ya mbavu, akamwambia avute pumzi, na pumzi ikamkatikia njiani.

Hakutudanganya. Alisema itakuwa kazi nzito. Ataandaa damu, atakuwa na mwenzake wa kumsaidia, na akikuta kumegandana hatang'ang'ania matundu, atapasua mapema. "Afadhali nimejua," akasema. Lakini hakutabasamu, na tulipotoka nilimwona bado amesimama anaitazama ile picha.

Tangu siku hiyo Zaina alikuwa hasemi nami. Anaona nimemuuza. Tumbo likipasuliwa atakaa muda mrefu bila kuinama jikoni, na kabinti kale kapo, kanacheka. Nimemwambia mkwe wako mbele yake kwamba nitahamia hapa, jiko la Zaina nitalipika mimi, na zamu zake zitahesabiwa hata akiwa hoi kitandani. Kijana aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, mama." Zaina akageukia ukutani.

Leo alfajiri ndipo aliponifungulia kinywa. Alikuota. Umekaa kwenye mkeka wako wa ukindu, umeandaa futari, uji na tende, unamwita, "Zaina, njoo tufuturu." Akainuka kukuitikia, ubavu ukamchoma akaamka.

"Mama mdogo, ningeitika ingekuwaje?" akaniuliza.

Nilijifanya natafuta kiberiti.

Basi nisikilize, Bi Mkubwa, maana basi ni kesho na sijui tutarudi wangapi. Nakuombea kaburi lako liwe pana na lenye nuru. Nakuahidi sitatoka mlangoni pa chumba kile cha Dar mpaka nimeambiwa, lolote nitakaloambiwa. Nakuahidi mwanao hatafunga tena kwa kuficha ubavu, maadamu mimi nakaa jikoni kwake. Nawe niahidi moja. Futari yako ifunike. Usimwite mtoto. Na kama upweke umekushinda, kama ni lazima umwite mtu, ita jina langu, nitaitika mimi. Hii ni zamu yangu.

Mke mwenzako,
Mama Hamisi